Naomba ushauri: diski ikichomolewa, kerneli inaanguka

Pwaguzi77
Wakuu, habari za jioni. Nimeandika draiva (programu inayoendesha kifaa) ya diski ya USB kwa ajili ya Linux na wiki ya pili sasa sipati usingizi. Diski ikichomolewa huku hakuna anayeitumia, mambo ni shwari. Ikichomolewa huku programu imeifungua, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaanguka, tena si papo hapo bali programu inapoifunga. Keshokutwa nakabidhi kazi kwa mteja. Nifanyeje?

Mama Seva
Mdogo wangu, wafundishe watu kuiondoa diski kwa utaratibu kwanza. Mimi nilipoteza picha za harusi ya dada yangu kwa haraka ya dakika moja, na tangu siku ile hakuna anayechomoa flashi nyumbani kwangu bila kuniuliza.

Kitasa
Pole kwa picha, Mama Seva, lakini mtu akijikwaa kwenye waya hakuna utaratibu unaofuatwa, na kerneli inapaswa kuhimili hata hilo. Pwaguzi77, kfree, ile ya kuachia kumbukumbu, unaiita wapi, na kabla yake unafanya nini?

Pwaguzi77
Naiita kwenye disconnect (inayoitwa kifaa kikichomolewa), baada ya del_gendisk (inayoiondoa diski kwenye mfumo). Kati ya hizo mbili nimeweka usingizi, yaani kusubiri, wa sekunde 5 ili waliobaki wamalize. Najua hamtaupenda, lakini umepunguza maanguko sana, na naweza kuuongeza ufike 30. Anwani inayoonekana kwenye logi ni 6b6b6b6b6b6b6b6b.

Jongoo
Samahani, mkasa huu nauona wa kutungwa. Kerneli hujaza 6b kwenye kumbukumbu iliyoachiwa pale tu ukaguzi wake umewashwa. Anayejua kuwasha ukaguzi huo anatibuje tatizo kwa usingizi?

Pwaguzi77
Sijatunga, mkuu. Niliongeza slub_debug=P kwenye vigezo vya kuwashia kama nilivyoelekezwa, bila kujua maana ya zile 6b.

Kitasa
Jongoo, inawezekana kabisa, kwa sababu kigezo hicho hakihitaji kujenga kerneli upya. Pwaguzi77, 6b zinakuambia kwamba release, inayoitwa programu inapofunga diski, imesoma muundo (taarifa za draiva yako kwenye kumbukumbu) ambao ulishauachia. del_gendisk huzuia maombi mapya, lakini haimnyang'anyi diski aliyekwisha kuifungua, naye anaweza kukaa nayo siku nzima. Hakuna idadi ya sekunde itakayotosha. Ita del_gendisk, kisha put_disk (inayoachia rejeo lako, yaani alama kwamba bado unaitumia diski), na kfree uihamishie kwenye free_disk, ambayo huitwa rejeo la mwisho linapoachiwa.

Pwaguzi77
Kompyuta za mteja zinatumia kerneli ya 5.10.

Kitasa
Hilo ungelisema mwanzo, maana free_disk iliingia 5.18, mwaka 2022. Basi weka kref (kihesabu cha marejeo) ndani ya muundo wako: open iongeze, release ipunguze, disconnect iachie rejeo lake, na kfree ifanyike hesabu ikifika sifuri. Open isome private_data (kielekezi cha muundo wako) ikiwa imeshika kufuli lile lile ambalo disconnect inalishika inapoiweka NULL (tupu), na ikiikuta NULL irudishe ENXIO (kosa la kifaa kisichopo). Ukiliacha kufuli, open itaongeza hesabu ya kitu ambacho kimeshakufa.

Jongoo
Nafuta shaka yangu, na nakuomba radhi. Jaribu ukiwa na KASAN (kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu), uchomoe wakati dd (amri ya kunakili data) inaandika.

Pwaguzi77
Nimejaribu usiku huu. dd ilipata kosa la kuandika, ikafunga, na mstari niliouweka kabla ya kfree ukachapwa baada ya release. KASAN haijalalamika. Usingizi wa sekunde 5 nimeufuta, na mteja nimemwomba aniongezee siku mbili.