Kifungu cha 217 kifutwe au kibaki?

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, naomba tujadili jambo ambalo huku Njombe tunalisema kwa kunong'ona. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Naona kifutwe, na sababu yangu kubwa si huruma, ingawa nayo ipo, bali ni kwamba kinamnyima tabibu ukweli.

Jirani yetu mmoja alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Ndugu zake, wakiwaza wataulizwa fomu ya polisi, yaani PF3, walikaa nje wakapatana kusema kwamba ilikuwa ajali. Daktari alitibu mwili kama alivyoelezwa, kisha akamruhusu, na hakuna aliyemwelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu mwaka 2008; itamfikiaje mgonjwa ambaye watu wake wanaogopa kumtaja?

Wapo wanaohofia kwamba kifungu kikiondoka uhai utakosa heshima, na baba yangu mdogo, mzee wa kanisa, ni mmoja wao. Lakini kifungu cha 216, kinachomwadhibu anayemshawishi au kumsaidia mwenzake kujiua, kinaweza kubaki kama kilivyo. Ghana ilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

Jibu kutoka Mbeya:

Nakuunga mkono nusu, ndugu yangu. Mtu wa Makete akishakuwa huru kusema ukweli, atamwambia nani, iwapo zahanati ya kijijini haina aliyesomea afya ya akili na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma? Mimi ningeanza na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tudai kwamba ushauri nasaha na dawa za akili zipatikane karibu na nyumbani, kwa sababu nauli peke yake humshinda mkulima. Kufuta kifungu bila hayo ni kumfungulia mtu mlango wa nyumba isiyo na mwenyeji.

Mwanzisha mada:

Kuhusu nauli sina ubishi. Ila huyo mtaalamu unayemdai kwa ajili ya zahanati, serikali itampanga kwa kutazama rejista za wagonjwa, na katika rejista ya jirani yetu pameandikwa "ajali".