Zile redio za CD tatu na kaseti mbili zimepotelea wapi? Madukani naona sabufa tu

mleta mada:
Wakuu habari za muda huu. Natafuta mziki wa sebuleni ile aina ya zamani, kitu kimoja kina redio, deki mbili za kaseti, CD tatu zinazunguka na spika mbili za mbao pembeni, kama zile Aiwa, Sony au JVC za miaka ya 90. Kariakoo nimezunguka naonyeshwa sabufa na vispika vya bluetuthi tu. Bimkubwa ana boksi zima la kaseti za taarab anataka kuzisikia tena. Hivi kwanini hawazitengenezi? Na nikipata mtumba nichukue au ndo naingia mkenge?

mzee wa rhumba:
Simu ndo imeziua mkuu. Raha yake ilikuwa unanunua mara moja unamaliza, sasa kaseti, CD na FM vyote vimehamia kwenye simu, imebaki amplifaya na spika ambazo sabufa inakupa kwa bei ya chini. iPod ilitoka 2001, iPhone 2007, watu wakaacha CD. Aiwa waliokuwa wakali wa hizi sistimu walimezwa na Sony 2002, jina limekuja kurudi 2017 kwa kampuni nyingine. Halafu watengenezaji walituchosha na ile PMPO, yaani wati za kutangazia biashara tu, mbele stika inasoma wati elfu mbili, ukigeuza nyuma mashine nzima inakula umeme wati 100, hizo elfu mbili zinatoka wapi? Cha kuangalia ni RMS, yaani wati halisi ambazo amplifaya inatoa mfululizo. Ila spika za mbao zile sauti ya mtu unaisikia anavuta pumzi, sabufa nyingi ni besi tu inatingisha madirisha.

fundi redio:
Bado naletewa hizi. Chukua, ila kabla hujalipa geuza nyuma usome volti, za soko la Japani ni 100V na umeme wetu ni 230, ukichomeka hivi hivi imeungua hapo hapo. Deki ikila kaseti usiogope, mara nyingi ni mikanda ya raba imelegea au imekuwa kama ulimbo, kubadilisha sio gharama. CD ikisoma kwa kurukaruka ni lenzi, safisha kwanza. Pa kuwa makini ni amplifaya, nyingi zinatumia aisii (chipu za kukuza sauti) za STK za Sanyo na feki zimejaa, unafunga leo ukiongeza sauti inakufa, bora utoe orijino kwenye mashine mbovu.

mleta mada:
Asante sana fundi. Kuna moja nimeiona imeandikwa AC 100V, FM inaishia 90. Niiache?

fundi redio:
Hiyo ya Japani kabisa, FM yao ya zamani inaanzia 76 mpaka 90 kwahiyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Kwa kaseti za mama haina shida, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye wati zaidi ya zilizoandikwa nyuma ya mashine. Simu utachomeka kwenye AUX, zile tundu nyekundu na nyeupe.

mzee wa rhumba:
Na ukishaipata chukua waya kutoka tundu la hedifoni uingize kwenye kompyuta, urekodi hizo kaseti kwa programu ya Audacity, ni ya bure. Taarab nyingine za zamani mtandaoni hazipo kabisa, anza na zile ambazo mkanda wake umeanza kukwaruza.