Kilichomwangusha Othello: ni wivu au ni kiburi?

Msomaji Mpole aliuliza:

Ndugu wasomaji, nimemaliza kuisoma Othello, tamthilia ya Shakespeare, kwa mara ya pili, na mara hii imenisumbua kuliko ya kwanza. Mara ya kwanza niliridhika na jibu linalotolewa na karibu kila mtu, kwamba jemadari Othello aliangushwa na wivu na kwamba Iago, askari wake aliyemdanganya kuwa mkewe Desdemona anamsaliti na msaidizi wake Cassio, ndiye aliyeuwasha. Mara hii nimekwama penye maneno ya mwisho ya Othello mwenyewe, anapowaomba wajumbe wa Venice wamweleze kama mtu asiye mwepesi wa wivu, ila aliyevurugikiwa kupita kiasi baada ya kuchochewa. Mtu aliyemziba mkewe pumzi kitandani kwa ajili ya leso anawezaje kusema kwamba si mwepesi wa wivu? Ama anajidanganya, ama kuna jambo jingine lililomwangusha, na wivu ulikuwa vazi lake tu.

Dhana yangu ni kwamba jambo hilo ni kiburi, lakini naona ugumu kulithibitisha, kwa sababu mwanzoni mwa tamthilia Othello haonekani kuwa mtu wa majivuno. Brabantio, baba yake Desdemona, anapomvamia usiku na watu wenye silaha, yeye ndiye anayewatuliza wote na kuwaambia warudishe panga alani. Mbele ya Mtawala na baraza lake anakiri kwamba hana ufasaha, kisha anaeleza bila papara jinsi Desdemona alivyompenda kwa hatari alizozipitia. Je, huo ni unyenyekevu, au ni kiburi kinachojua kukaa kimya? Na kama ni kiburi, kinafanya kazi gani hasa katika kuanguka kwake, zaidi ya kuandamana na wivu?

Mzee wa Jukwaa alijibu:

Ningekushauri uanzie kwenye leso, maana hapo mambo yanaonekana kwa macho. Ni tendo la tatu, onyesho la tatu, na Iago ameshapanda mbegu. Desdemona anaingia kumwita mumewe kwenye chakula, naye analalamika kwamba paji la uso linamuuma. (Watazamaji wa zama zile walikuwa na mzaha wao kwamba mume aliyesalitiwa huota pembe mahali hapo, kwa hiyo maumivu hayo si ya kichwa tu.) Mkewe anatoa leso yenye nakshi za stroberi ili amfunge, Othello anasema ni ndogo mno, anaiondoa, inaanguka, wanatoka pamoja. Emilia, mke wa Iago na mhudumu wa Desdemona, anaiokota na kumpa mumewe, naye anaiacha chumbani mwa Cassio iwe ushahidi.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukiifanyia mazoezi tamthilia hii, mwigizaji wa Othello alisimama ghafla katikati ya onyesho akauliza, «Lakini ni mimi niliyeisukuma. Baadaye nitasahauje?» Tulicheka, tukaendelea, na hakuna aliyemjibu. Leo ningemjibu kwamba Othello hakuiona leso kwa sababu alikuwa akijitazama mwenyewe. Mke yuko mbele yake na mkono wake u kwenye paji lake, lakini yeye tayari anamwona mwanamume aitwaye Othello ambaye watu watamcheka.

Endelea na onyesho hilohilo. Othello anaporudi ameshaharibika, na sikiliza anachokiaga. Haagi mapenzi wala nyumba. Anayaaga majeshi yenye manyoya kofiani, farasi anayelia, tarumbeta, ngoma, filimbi na bendera ya kifalme, kisha anamaliza kwa kusema kwamba kazi ya Othello imekwisha. Anajitaja kwa jina, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wake. Mara ya kwanza nilipolisikia jambo hilo jukwaani nilijiuliza vita vinahusianaje na uaminifu wa mke. Vinahusiana kwa sababu Desdemona alimpenda kwa ajili ya zile hadithi za hatari, na yeye akampenda kwa kuwa alizihurumia. Mke ndiye kioo ambamo jemadari amekuwa akijiona shujaa, na kioo kikipasuka kinachopotea kwanza ni sura yake mwenyewe.

Kuhusu kazi ya kiburi, tazama anachosema muda mfupi kabla ya leso kuanguka: kwake, kuingia katika shaka mara moja ni kuamua mara moja. Hiyo ni sifa njema kwa kamanda aliye vitani, na anajivunia kuwa nayo. Wivu wa mtu wa kawaida unaweza kukaa miaka ukinung'unika, ukichunguza na kusameheana. Othello hawezi kuvumilia kuwa mtu mwenye shaka kwa siku mbili, kwa hiyo anakata shauri ili arejee kuwa Othello. Kumbuka kwamba kuanzia kutua kwao Kupro, kisiwa alichotumwa kukilinda, hadi mauaji panapita kama siku moja na nusu tu.

Kalamu Kavu alijibu:

Mzee wangu, nakuheshimu na hoja ya kioo nimeipenda, lakini naomba nipinge. Tukishaamua kwamba kila tanzia ni hesabu ya dosari moja, tutaipata dosari hiyo hata pasipokuwepo. Neno la mwanafalsafa Aristotle kwa kosa la shujaa wa tanzia, hamartia, linatokana na kitenzi kilichotumika pia kwa mpiga mshale anayekosa shabaha. Ni kosa la kutojua kabla ya kuwa doa la tabia. Othello alikosa shabaha kwa sababu alimwamini mtu ambaye kila mhusika mwingine alimwamini. Cassio alimwamini, Roderigo, aliyemtaka Desdemona, alimpa fedha zake, na Emilia aliyelala naye kitanda kimoja hakumjua hadi dakika za mwisho. Je, wote hao walikuwa na kiburi?

Tena, sehemu inayonigusa zaidi haina kiburi hata chembe. Iago akiisha kutoka, Othello anabaki peke yake na kutafuta sababu ya kuachwa: labda ni kwa kuwa yeye ni mweusi, labda ni kwa kuwa hana mazungumzo laini ya vijana wa mjini, labda ni kwa kuwa umri umeanza kuteremka. Mwenye kiburi hasemi hivyo. Hayo ni maneno ya mgeni aliyekaribishwa mezani kwa sababu ya upanga wake, akijua kwamba siku vita vikiisha kiti kinaweza kuondolewa. Brabantio naye alimwalika nyumbani mara nyingi na kufurahia hadithi zake, mpaka binti alipoolewa. Ndipo mgeni akaitwa mchawi. Na ni Brabantio huyo aliyemwachia onyo kwamba aliyemdanganya baba anaweza kumdanganya na mume. Othello alijibu palepale kwamba anaweka rehani uhai wake kwa uaminifu wa Desdemona. Iago hakutunga sumu mpya. Aliirudisha ileile ya baba mkwe, karibu neno kwa neno.

Ukitaka kuona wivu usiohitaji mchochezi, msome mfalme Leontes katika The Winter's Tale, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Huyo anaanza kumshuku mkewe bila mtu yeyote kumnong'oneza, na watumishi wake wote wanamkanya. Kumweka Othello kwenye fungu moja naye ni kumwonea.

Bi Maktaba alijibu:

Nadhani ndugu Kalamu Kavu na Mzee wa Jukwaa wanaelezea kitu kimoja wakiwa pande mbili za ukuta. Kujiona duni na kuilinda heshima kwa ukali mara nyingi ni mtu mmoja. Aliyezaliwa ndani ya heshima hupoteza kidogo na kulala usingizi; aliyeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, hana ziada ya kupoteza. Othello anasema mapema kabisa, kabla ya kwenda barazani, kwamba ametoka kwenye ukoo wa kifalme lakini hajalitangaza, na kwamba vipaji vyake, cheo chake na nafsi yake safi vitamtetea. Anayasema hayo kwa sauti ya chini, lakini anayasema.

Kuna jambo dogo la maandishi ambalo kwangu linabeba uzito wa mjadala huu. Katika onyesho hilo la tatu, toleo la mwaka 1623 linamwonyesha Othello akisema kwamba jina *langu*, lililokuwa safi kama uso wa Diana, mungu wa kike wa ubikira, sasa limechafuka na kuwa jeusi kama uso wangu. Toleo dogo la 1622 halina maneno hayo kabisa, na toleo la 1630 linasema jina *lake*, yaani la Desdemona. Wahariri wengi wa baadaye wamefuata hilo la 1630, kwa kuwa linaonekana kuwa na adabu zaidi: mume anasikitikia sifa ya mke. Mimi naliamini lile la 1623. Linaendana na anachosema katika tendo la nne, kwamba angeweza kuvumilia maradhi, umaskini na utumwa, lakini hawezi kuwa sanamu ambayo zama zenye dharau zitainyooshea kidole. Katika orodha nzima ya mateso, kidole ndicho kinachomshinda.

Hata hivyo sikubaliani na Mzee kwamba mke ni kioo tu na mapenzi hayapo. Anapoingia chumbani na taa anambusu mara kadhaa, na karibu aghairi. Kinachomshikilia kwenye azma yake ni kujipa cheo cha hakimu: ameshajiambia kwamba lazima afe asije akasaliti wanaume wengine. Wivu peke yake haujifichi nyuma ya sheria namna hiyo. Baada ya kuua anajiita muuaji mwenye heshima, na kudai kwamba hakutenda lolote kwa chuki. Hapo wivu umeshavuliwa nguo, na kilichobaki kimesimama wima kikijitetea.

Kwa hiyo, Msomaji Mpole, maneno yale ya mwisho yasome kwa tahadhari. Mhakiki A. C. Bradley, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1904, aliyakubali na kushikilia kwamba Othello kweli hakuwa na asili ya wivu. Mshairi na mhakiki T. S. Eliot, mwaka 1927, aliona humo mtu anayejifariji na kuikwepa hali halisi. Mimi naelekea kwa Eliot, ingawa si kwa ukali wake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Othello anaiwamba ngoma yake ya mwisho akiwa na jisu lililofichwa.

Msomaji Mpole aliandika tena:

Nawashukuru sana. Bi Maktaba, hilo la «jina langu» sikulijua, na nakiri kwamba nakala yangu ina «jina lake». Limebaki swali moja tu. Kama tatizo ni kidole cha watu, kwa nini hakumwuliza Cassio faraghani, mwanamume kwa mwanamume, ambapo hakuna wa kunyoosha kidole?

Mzee wa Jukwaa alijibu:

Kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba jambo linawezekana, na mbele ya nani? Mbele ya kijana yuleyule mwenye mazungumzo laini, ambaye ndugu Kalamu Kavu ametukumbusha kwamba Othello anajilinganisha na wenzake. Katika hilo nampa haki yake, na nayaondoa maneno yangu kwamba kiburi kinatosha peke yake.

Angalia jinsi anavyozunguka. Anamhoji Emilia, na Emilia anapoapa kwamba bibi yake ni mwaminifu, anampuuza. Anajificha kumsikiliza Cassio akicheka habari za mpenzi wake Bianca, na anaamini kwamba kicheko hicho kinamhusu Desdemona. Mkewe anamwuliza waziwazi, nimekusaliti na nani, nimekusaliti vipi? Anamtukana badala ya kumjibu. Jina la Cassio halimtoki mbele yake kama shtaka hadi wamefika kitandani, wakati ambapo hukumu imeshatolewa.

Anamwuliza Cassio mwishoni kabisa, maiti ya Desdemona ikiwa imelala nyuma yake: ulikipataje kile kitambaa? Cassio anajibu kwamba alikiokota chumbani mwake. Katika mazoezi yetu jibu hilo lilichukua muda wa mtu kuvuta pumzi moja, na yule mwigizaji, ambaye mwanzoni aliuliza atasahauje, alikuwa akiuachia ukimya mrefu baada yake hadi mwelekezi akadhani amesahau maneno.