Kikundi cha ukoo: Rukia na vikabichi vya Krismasi

*Jumapili, siku chache kabla ya Krismasi*

Rukia (Leeds): Assalaam alaykum wana ukoo. Shangazi Mwanaidi, shikamoo. Nina swali la jikoni. Bi mkubwa ninayepanga chumba kwake amenialika chakula cha mchana cha Krismasi na wanawe na wajukuu, jumla tutakuwa 8. Kila mtu ana chakula chake cha kuandaa, mimi nimepewa vile vikabichi vidogo vya Brussels. Nilivila mara moja kantini ya kazini, vimechemshwa mpaka vinateleza na vinanuka yai bovu. Sitaki kumwekea mtu kitu kama kile mezani.

Shangazi Mwanaidi (Leicester): Wa alaykumu salaam. Marahaba mwanangu. Umepewa mboga nzuri sana. Ubaya uliokutana nao kantini ni wa mapishi, mboga haina kosa.

Shangazi Mwanaidi: Usivichemshe. Ukilishika hilo, mengine madogo.

Mama Rukia (Tanga): Wifi, hivyo vikabichi vikoje? Tuma picha na sisi tuone.

Shangazi Mwanaidi: [picha] Vinaota vimebanana kwenye bua refu toka chini mpaka juu. Kimoja hakifiki ukubwa wa ndimu.

Ba'mdogo Hamisi (Morogoro): Shemeji, hao ni ndugu wa kabichi yako ya Lushoto. Kabichi, sukuma wiki, brokoli, koliflawa na hivyo, vyote ni spishi moja, *Brassica oleracea*. Wakulima tu walichagua sehemu tofauti za mmea vizazi na vizazi. Kwenye kabichi tunakula chipukizi moja kubwa la kileleni. Hivi ni vichipukizi vya ubavuni, vinavyotokea pale jani linapoungana na shina.

Ba'mdogo Hamisi: Na ile harufu, Rukia, ni salfa. Mboga zote za jamii hii zina viambato vyenye salfa, na kadiri unavyochemsha ndivyo vinavyovunjika na kunuka zaidi. Hata rangi inaondoka. Klorofili ikipoteza magnesiamu yake, kijani kinapauka na kuwa kama cha majivu.

Rukia: Asante Ba'mdogo. Kwa hiyo shangazi, oveni?

Shangazi Mwanaidi: Oveni, tena ya moto mkali. Soma taratibu.

Watu 8, nunua kilo 1. Chagua vidogo vilivyofungamana, vizito mkononi, visivyo na majani ya manjano. Hapo Leeds nenda Kirkgate Market, upande wa mboga, uvishike kwa mkono wako kabla ya kulipa. Ukivikuta bado viko kwenye bua chukua hivyo, vinakaa zaidi.

Kata kitako kidogo sana, toa majani ya nje yaliyochakaa, halafu pasua kila kimoja katikati kupitia kitako. Kitako ndicho kinachoshika majani, ukikikata chote nusu zinafumuka. Osha, kisha kausha kwa taulo la jikoni mpaka visiwe na tone. Hapa ndipo watu wengi wanapofanya haraka. Maji yakibaki, vitaiva kwa mvuke na rangi ya hudhurungi hutaiona.

Shangazi Mwanaidi: Oveni 220, kama ni ya feni weka 200. Trei iingie tupu kwanza ipate moto. Changanya vikabichi na mafuta vijiko vikubwa 4, chumvi kijiko cha chai 1, pilipili manga, na bizari nyembamba iliyotwangwa kijiko cha chai 1. Vimwage kwenye trei ya moto na ulaze kila nusu, uso uliokatwa uwe chini. Tumia trei 2, visirundikane. Dakika 20 hadi 25, na usivigeuze. Vimeiva pale kisu kinapopenya kitako bila nguvu na uso wa chini umeshika rangi. Majani yaliyochomoka yatakauka na kuwa meusimeusi pembeni. Usiyatupe hata moja, ndiyo matamu kuliko yote.

Rukia: Kitunguu saumu?

Shangazi Mwanaidi: Dakika 5 za mwisho. Kikiingia mwanzo kitaungua na kuleta uchungu juu ya uchungu.

Rukia: Bi mkubwa ameniambia nikate alama ya msalaba kwenye vitako.

Shangazi Mwanaidi: Hiyo ni desturi ya wanaochemsha vizima, na hata kwao inapitisha maji ndani tu. Wewe unapasua, huihitaji. Lakini usibishane naye, ni mkubwa wako na ni nyumba yake.

Kaka Salim (Antwerp): Hamjambo nyote, shikamooni wakubwa. Ndiyo kwanza nimetoka zamu. Hapa Ubelgiji msimu huu vipo kila duka. Ghalani kwetu wazee wa kazi wanapenda vilivyovunwa baada ya usiku wa barafu. Baridi ikibana, mmea unageuza wanga kuwa sukari, na kweli ukionja unaona tofauti. Wenyewe wanavitia kwenye stoemp, yaani viazi vya kuponda vilivyochanganywa na mboga, siagi na kungumanga. Rukia, kwaruza kungumanga kidogo juu ya vyako, utanishukuru.

Mama Rukia: Salim mwanangu, na uchungu? Nilisikia mboga za Ulaya zina uchungu.

Kaka Salim: Umepungua sana Mama mdogo. Miaka ya 1990 mwanasayansi mmoja wa Uholanzi, Hans van Doorn, alivitambua viambato viwili vinavyoleta ule uchungu, sinigrini na progoitrini. Baada ya hapo kampuni za mbegu zikarudi kwenye akiba zao za mbegu za zamani, zikatafuta zenye uchungu mdogo na kuzichanganya na mbegu za sasa zinazozaa vizuri. Watu wazima wengi huku wanavikataa kwa kumbukumbu ya vile walivyolishwa utotoni.

Ba'mdogo Hamisi: Na kuna wanaozaliwa na ulimi mkali kwa uchungu wa aina hiyo. Ipo jeni inaitwa TAS2R38. Kwa hiyo Rukia, mtoto akikataa pale mezani asilazimishwe. Huenda anaonja kitu ambacho wewe hukionji.

Mama Rukia: Bibi yuko hapa nimemsomea yote. Anauliza, uchachu uko wapi? Mboga ya mafuta bila kitu kichachu italiwaje?

Shangazi Mwanaidi: Shikamoo mama. Umegonga penyewe, na hapo ndipo Rukia atakapowashika. Mwanangu, loweka ukwaju wa ukubwa wa yai kwenye kikombe 1 cha maji ya moto, uminye, uchuje. Bandika na tende 6 zilizokatwakatwa, chumvi, bizari na pilipili ya unga kidogo. Chemsha mpaka tende zipondeke na rojo iwe nzito. Utamu wa tende unakutana na ule uchungu mdogo, ukwaju unakata mafuta. Usimwagie vikiwa kwenye oveni, vitalainika. Nyunyiza vikiwa tayari kwenye sahani, dakika ya mwisho kabisa. Ukikosa ukwaju huko nitakutumia kwa posta, hapa Belgrave Road umejaa.

Rukia: Ninao, nilitoka nao nyumbani. Bibi shikamoo, nakushukuru. Bi mkubwa anasema wao huweka bekoni na kokwa za chestinati.

Shangazi Mwanaidi: Bekoni mwambie kwa adabu hutumii, atakuelewa. Badala ya chestinati weka korosho zilizokaangwa bila mafuta, gramu 100. Ila ULIZA KWANZA kama kuna mwenye mzio wa korosho au karanga, hasa hao wajukuu. Na hata wakisema hakuna, weka kwenye kibakuli pembeni, kila mtu ajinyunyizie.

Rukia: Sawa. Shida nyingine, oveni ni moja na itakuwa na batamzinga asubuhi nzima.

Shangazi Mwanaidi: Batamzinga akitoka lazima apumzike kabla ya kukatwa, nusu saa au zaidi. Hiyo ndiyo nafasi yako. Kata na kausha usiku, weka kwenye friji ndani ya mfuko wenye kitambaa kikavu. Akitoka tu, pandisha moto, ingiza trei. Mpange mapema na bi mkubwa, msije mkagombania oveni siku yenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Akikataa, tumia kikaango kizito. Mafuta, uso uliokatwa chini, moto wa kati dakika 5 mpaka vishike rangi. Maji vijiko 3, funika dakika 3, funua yakauke. Kilo 1 pika kwa awamu.

Mama Rukia: Wifi, na mumeo anakula? Si yuko kwenye dawa za damu?

Shangazi Mwanaidi: Anakula. Yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mboga hizi zina vitamini K nyingi inayopunguza nguvu ya dawa. Kliniki hawakumkataza, walimwambia asibadilibadili. Akizoea kiasi fulani kwa wiki abaki na hicho hicho, asile bakuli zima kwa sababu ni sikukuu. Rukia, kama kuna mzee pale yuko kwenye dawa hiyo, yeye mwenyewe anajua, usimrundikie sahani.

*Jumatano, Desemba 25*

Rukia: [picha] [picha]

Rukia: Oveni nilipewa dakika 35. Batamzinga alifunikwa karatasi ya foili na mimi nikaingia. Mzio hakuna, korosho nimeziweka pembeni kama ulivyosema. Kijana wa bi mkubwa, mtu mzima ana watoto, alisema havili tangu shule. Amejipakulia mara mbili. Mjukuu mdogo amegoma, hakuna aliyemlazimisha. Bi mkubwa anataka kujua ile rojo nyeusi ni nini na inauzwa wapi.

Kaka Salim: Picha ya pili, hiyo rangi ya chini! Kungumanga uliweka?

Rukia: Niliweka kaka, kidogo.

Shangazi Mwanaidi: Mashallah. Vilivyobaki usivipashe kwenye maikrowevu, harufu ya salfa itarudi. Kesho vichanje vyembamba, vikaange haraka na kitunguu maji na haradali, mwisho uviangushie yai.

Mama Rukia: Sisi nasi tumejaribu hapa kwa kabichi ya Lushoto. Nimeikata vipande vinene na kitako chake, nimelaza kwenye kikaango. Chini imeshika rangi nzuri lakini katikati bado ngumu. Nifanyeje?

Shangazi Mwanaidi: Vipande vyako vinene kuliko vya Rukia. Punguza moto, tia maji robo kikombe, funika dakika 6, kisha funua yakauke. Ukwaju mwisho.

Mama Rukia: Bibi ameshausogeza karibu.