Mwarobaini kwa upele: majani kiasi gani, na mtoto mchanga je?

Ipuli_Tabora
Wakuu, habari za leo. Nyumbani tumeingiliwa na upele. Unawasha zaidi usiku, upo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Watoto wana miaka 9 na 5, mdogo ana miezi 7. Uani kuna mti tunaouita mwarobaini. Majani yachemshwe au yatwangwe, na kiasi gani? Mdogo anaweza kunyweshwa?

Msitu_Nzega
Mkuu, kwanza hakikisha mti wenyewe. Mmelia nao hupandwa uani, na wengi huuchanganya na mwarobaini. Yote asili yake ni Asia na ni ya ukoo mmoja, ila matunda ya mmelia ni sumu. Chuma jani zima ulitazame. La mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, na vijani vyenye meno pembeni vimeota juu yake moja kwa moja. La mmelia, kikonyo kikuu kinachipua vikonyo vingine, na vijani viko kwenye hivyo vidogo. Tena tunda la mwarobaini lina umbo la yai. La mmelia ni mviringo na hubaki likining'inia hata majani yakishapukutika kiangazi.

Bi_Dawa_Urambo
Yatwange. India hutwanga majani mabichi pamoja na manjano, sehemu nne za majani kwa moja ya manjano. Mwaka 1992 kulichapishwa majaribio ya mchanganyiko huo kwa watu 814 wenye upele, na wengi mno walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hayakuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wasiopakwa mchanganyiko huo, kwa hiyo usiyape uzito kuliko dawa ya hospitali.

Osha majani, twanga hadi yawe laini kabisa, ongeza maji kidogo tu. Paka kidogo ndani ya mkono, ngoja hadi kesho yake. Pakivimba au pakiungua, acha. Pakiwa salama, wale wakubwa wapakwe kuanzia shingoni hadi nyayo, hata chini ya kucha, ikauke ndipo waoge. Rudia kila siku.

Wengi hushindwa kwa sababu wanapaka panapowasha tu, au wanamtibu mmoja huku wengine wanaendelea kuambukizana. Nyumba nzima ianze siku moja. Penye usaha usipake, nenda kituo cha afya.

Muha_Kasulu
Huyo wa miezi 7 asinyweshwe chochote cha mwarobaini, tafadhali sana! Mafuta ya mbegu ndiyo hatari zaidi: Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wachanga walionyweshwa walitapika, wakapata degedege na ini likaharibika, wengine wakafa. Mjamzito naye asinywe. Mpeleke kituo cha afya apewe krimu ya permethrini ya asilimia 5 (dawa ya kupaka inayoua wadudu wa upele), inayofaa kuanzia miezi 2. Na akipata homa, apimwe malaria. Mikoa yetu hii inayo nyingi, na maji ya majani hayachukui nafasi ya dawa ya mseto.

Ipuli_Tabora
Ahsanteni sana. Vijani vimeota kwenye kikonyo kimoja, kwa hiyo ni wenyewe. Mdogo tunampeleka kesho asubuhi. Mashuka na godoro tufanyeje?

Bi_Dawa_Urambo
Mashuka, kanga na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko wa nailoni angalau siku 3, maana wadudu wake hawaishi muda mrefu nje ya ngozi. Godoro lianike, msililalie siku hizo. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakishakufa; vikitokea vipele vipya baada ya hapo, basi wote mrudi kituoni.