Kibodi ya kimakanika yenye katuni: niangalie nini?

Mchapaji: Wakuu, nataka kibodi ya asilimia 65 (ndogo, isiyo na safu ya F wala sehemu ya namba pembeni) yenye Hello Kitty, rangi ya waridi na nyeupe. Nitaandikia ofisini, meza zimebanana. Zote kwenye picha zinavutia. Nichujeje?

Fundi_Vitufe: Mkuu, anza na vifuniko, yaani vipande vya juu vya vitufe vyenye herufi. Chagua PBT, aina ya plastiki ngumu, ambayo wino umepenyezwa kwa joto ndani ya plastiki, picha haibanduki. ABS, plastiki nyingine, iliyochapwa juujuu hung'aa kwa mafuta ya vidole, kisha uso wa paka unafutika, na A na E hutangulia. Swichi, yaani kidude kilicho chini ya kila kifuniko: laini zisizo na mlio. Za bluu ziache kabisa, zinalia "kla" kila herufi, majirani watakuchukia.

Swichi_Laini: Naongezea: hakikisha swichi zinachomoka bila kulehemu, na soketi zinapokea pini 5. Soketi zikiwa za pini 3, utalazimika kukata vile viguu viwili vya plastiki vya swichi za pini 5. Ukipachika, shika swichi wima. Ikiinama, pini hujikunja chini yake na kitufe hakiandiki. Ichomoe, nyoosha pini kwa kibanio, rudisha taratibu.

Mchapaji: Je, nikinunua kibodi tupu na vifuniko kando?

Fundi_Vitufe: Inawezekana, ila kagua Shift ya kulia. Kibodi nyingi za asilimia 65 hutumia upana wa 1.75 (mara 1.75 ya kitufe cha herufi), seti ya kawaida ya vifuniko ina 2.75. Muuzaji asipoonyesha picha ya vifuniko vyote, usilipe.