MREJESHO: Yule wa choo kigumu nimerudi

Wakuu, mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba napata choo kila baada ya siku nne, kigumu kama changarawe. Mkaniambia niongeze nyuzinyuzi, niachane na sembe.

Nikaingia kwa pupa. Siku hiyohiyo dona na maharage mchana, usiku kunde. Kesho yake kwenye daladala ya Mbagala tumbo lilinguruma, nikabana hadi Rangi Tatu jasho likinitoka. Kumbe nyuzinyuzi zinaongezwa kidogokidogo, na maji ya kutosha, la sivyo unaweza kukaza zaidi.

Sasa mahindi nasagisha mwenyewe mashineni bila kukoboa, maana kukoboa ndiko kunakoondoa pumba. Mchicha au matembele kila siku, papai asubuhi, na chungwa nalila na nyama zake, sio juisi ya kuchuja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinatoa karibu nusu.

Wiki ya tano hii, naenda chooni kila asubuhi bila kujikamua. Mke wangu bado anaita dona chakula cha bweni, lakini juzi nimemkuta anakwangua ukoko.